Nchi Jirani: Vipuri vya Pikipiki Vichapwavyo Nyumbani

Mjini Nairobi, kwa jirani zetu wa Kenya, wako mafundi waundao printa za pande tatu kwa vifaa vya elektroniki vilivyochakaa. Printa hiyo huyeyusha uzi wa plastiki na kuujenga tabaka juu ya tabaka, hata kipuri kikapatikana nyumbani. Lakini plastiki ya PLA, ambayo ndiyo rahisi kuchapwa, hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Kipuri cheusi kilichoachwa juani lindoni chaweza kupinda, sembuse kilicho karibu na silinda! Naironi hustahimili zaidi. Nayo huachana kwenye maungio ya tabaka, kwa hiyo fundi stadi hukilaza kipuri ili nguvu ifuate uzi. Kishikio cha taa, naam. Mkono wa breki, hasha. Huo ubaki wa kiwandani.