Hesabu za Chuo Kikuu na Mbuzi Wetu

(Maneno tuliyowaambia wanavikundi wa Mandera)



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya wanahisabati wa chuo kikuu, wengine walicheka. Mzee mmoja akauliza, "Hao wanawajua mbuzi wangu?" Mzee, jibu letu ni kwamba wanawajua, ila kwa njia usiyoizoea. Tena hesabu zao zimewahi kuamua kama wewe ulipwe ama usilipwe. Ndiyo maana tumekuja.

Kwanza tujue kazi yao. Mwenye duka akijumlisha anataka jibu la leo, basi. Mwanahisabati anauliza kama njia ile itatoa jibu sahihi kila siku, na ikikosea, itakosea kwa kiasi gani. Hilo la pili ndilo kubwa, na tutalirudia. Akishaelewa, huwafundisha wanafunzi, nao huenda kuwa walimu, wahasibu, wapima ardhi, wachumi. Wachumi ndio walioileta hesabu hii mpaka huku kwetu.

Mnakumbuka bima ya mifugo. Ilianzia Marsabit, Januari 2010. Walioitengeneza ni ILRI, yaani taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, pamoja na watu wa vyuo vikuu kama Cornell cha Marekani. Aliyeongoza kazi hapa nchini alikuwa Mkenya, Andrew Mude. Mwaka 2013 ikafika Wajir, ikiuzwa na kampuni ya Takaful kwa kufuata sharia. Oktoba 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, KLIP, Turkana na Wajir, na baadaye Mandera. Huo ulilipia familia ada ya vipimo vitano vya mifugo. Kipimo kimoja ni ng'ombe mmoja, au mbuzi kumi.

Sasa, nani angezunguka Takaba na Banissa kuhesabu mizoga? Gharama yake ingeimeza bima yenyewe. Kwa hiyo hawahesabu mizoga. Wanapima ukijani wa malisho kwa setilaiti.

Hebu tufanye hesabu yenyewe, si ngumu. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao jicho letu halioni. Chukua ule usioonekana, toa mwekundu, kisha gawanya kwa jumla ya yote mawili. Tuseme usioonekana ni 50 na mwekundu ni 10. Tofauti ni 40, jumla ni 60, jibu ni karibu 0.67. Hapo kuna majani. Ukipata 30 na 20, tofauti ni 10, jumla 50, jibu 0.2. Hapo mnapajua wenyewe, ni vumbi. Na kwa nini tunagawanya? Kwa sababu mwanga wa jua ukipungua namba zote mbili hushuka pamoja, na kugawanya kunapunguza udanganyifu huo.

Baada ya hapo miaka hupangwa mstari, kutoka gu mbaya kabisa hadi gu nzuri kabisa. Tuseme mna miaka 20, na mkataba unasema malipo huanza msimu ukiwa katika sehemu moja ya tano ya chini. Basi ile minne mibaya ndiyo inayolipwa. Wa tano kutoka chini haulipwi, hata kama umekukondesha ng'ombe. Hapo ndipo ugomvi huanza.

Ukame wa 2016 kuingia 2017 ulipokuja, serikali ilitangaza Februari 2017 kwamba zaidi ya shilingi milioni 214 zinalipwa kwa familia kama 12,000 katika kaunti sita, Mandera ikiwemo. Gawanya: karibu 17,800 kwa familia. Lakini jamani, huo ni wastani! Si kwamba kila nyumba ilipata hizo. Eneo lililokauka zaidi hulipwa zaidi.

Mama mmoja alituuliza, "Mbona mimi nilipoteza wanyama na jirani hakupoteza, na hesabu yetu ikawa moja?" Mama, setilaiti haimwoni mbuzi wako. Inachukua wastani wa eneo zima. Mvua ikinyesha upande mmoja tu, wa upande mwingine ameumia. Ugonjwa ukiua zizi lako peke yake, kipimo hakijui. Na ule mti wa mathenge, si unabaki kijani hata wakati wa kiangazi? Setilaiti inaona kijani, ng'ombe haoni chakula.

Watafiti wenyewe hawakulificha jambo hili. Walipima kosa la hesabu yao kule Marsabit, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba mwenye bima alibaki akibeba wastani wa asilimia 69 ya hatari aliyokuwa nayo. Yaani bima ilimpunguzia chini ya theluthi moja. Sisi tunaona huo ndio uungwana wa hisabati. Lakini maneno hayo yalichapishwa katika jarida la wasomi, kwa Kiingereza. Tungependa sana yangesomwa hapa kwanza, kabla ya mtu kuweka kidole gumba kwenye karatasi.

Na nani atatusomea? Hili linauma. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa ndani ya basi lililotoka hapa Mandera, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika chuo kikuu cha Garissa. Walimu wengi kutoka kwingine waliondoka, na kuna watoto waliokaa bila mwalimu wa hesabu. Hatuwalaumu walioondoka. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Wasichana wetu waliofaulu hesabu wanaweza kusomea huko huko karibu na nyumbani.

Tangu 2022 kuna mpango mwingine, DRIVE, uliotaka mfugaji naye achangie ada. Ajenti akija, mulizeni: eneo letu katika ramani yenu linaanzia wapi na kuishia wapi? Mnalinganisha na miaka mingapi? Mstari wa malipo uko wapi? Akishindwa kujibu, mwambieni arudi na mwenye kujua.

Nasi tuwe na namba zetu. Kila kikundi kimchague kijana mmoja wa kuandika: siku mvua iliponyesha, siku silanga ilipokauka, wanyama waliokufa na walikufa kwa nini. Tutaanza na deyr hii. Tukutane Jumatano chini ya mti huu huu, na mwenye kalamu mbili azilete zote.