Musafir wa Nana: Ramadhani Katika Nyumba Moja ya Sarajevo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na familia baada ya futari ya pamoja, Mombasa)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. 

Kamati ilinitaka nizungumze kuhusu haki za mgeni. Maustadhi wako hapa, na aya na hadithi wanazijua kuliko mimi, kwa hivyo sitaingilia darasa lao. Mimi nitawaeleza nyumba moja tu niliyokaa siku kumi na moja katika Ramadhani ya mwaka 2019, mji wa Sarajevo, nchi ya Bosnia.

Kwanza tuelewane kuhusu mji wenyewe. Ukimtajia kijana wa hapa Waislamu wa Ulaya, atafikiria Wapakistani wa Uingereza, Waturuki wa Ujerumani na Wamoroko wa Ufaransa. Yaani watu waliohamia juzi juzi. Bosnia sivyo. Uislamu ulienea huko na dola ya Uthmaniya tangu karne ya 15, na Waislamu wake ni wenyeji wa pale pale, Wazungu hasa, mtu na babu yake na babu wa babu yake. Sensa ya 2013 iliwakuta ni zaidi kidogo ya nusu ya watu wote wa nchi. Msikiti mkuu wa Sarajevo, wa Gazi Husrev-beg, una karibu miaka mia tano. Na bwana huyo hakujenga msikiti akaondoka. Katika wakfu wake aliweka madrasa, maktaba, jiko la kulisha masikini, na nyumba ya kulaza wapita njia. Nyumba hiyo iliitwa musafirhana.

Mmelisikia neno? Kule mgeni ndiye musafir. Sisi tumelichukua neno hilo kwa yule anayetoka, tukasema msafiri. Wao wamelichukua kwa yule anayeingia. Mimi nilikuwa yote mawili.

Nilikuwa nasoma Ujerumani wakati huo. Anayejua kufuturu peke yake chumbani, chai na mkate wa duka, huku dirishani watu wanapita na shughuli zao, hahitaji kuelezwa. Mwenzangu wa darasani alikuwa Mbosnia. Siku moja akaniuliza nafuturu na nani. Nikamwambia. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na tikiti mbili za basi la usiku kutoka Munich.

Nyumba yao iko Vratnik, mtaa wa zamani ulio mlimani. Na mtaa wao wanauita mahala, hivyo hivyo kama nilivyotamka. Viatu vinabaki mlangoni, unapewa ndara. Aliyetupokea ni bibi yake, na kule bibi huitwa nana, neno ambalo wazee wetu wa Pwani nao walilitumia kwa mwanamke wa heshima. Nana hajui Kijerumani, mimi sijui Kibosnia. Basi tukawa tunaokota maneno: kahva, kahawa. Fildžan, finjani. Sabur, subira. Dova, dua. Šehid, shahidi. Kila tukipata moja anapiga makofi kama mtoto. Hebu fikirieni, mama wa miaka sabini na kitu, mweupe pepe, na kijana mweusi wa Kisauni, wamekaa jikoni wanahesabu maneno!

Mnakumbuka katika Surat Adh-Dhariyat namna Nabii Ibrahim (a.s.) alivyowapokea wageni wake. Aliondoka kimya kimya akaenda kwa watu wake, akarudi na ndama aliyenona. Hakuwauliza kama wana njaa. Ukimuuliza mgeni "utakula?" ushamtia aibu, atasema ameshiba. Nana hakuniuliza hata siku moja. Daku nilikuta kitu mezani. Futari ilianza kwa tende na maji, halafu topa, yaani jibini na siagi na mayai vilivyoyeyushwa pamoja, unachovya mkate. Kisha supu, kisha pita za nyama na mchicha, kisha kahawa, mpaka nikawa naogopa rakaa ishirini za tarawehe. Saumu yao mwezi wa Mei inakaribia saa kumi na saba. Alfajiri ni kama saa tisa usiku, na jua linazama saa mbili zimepita.

Lakini hapo pana jambo lililonifurahisha mno. Karibu na msikiti wa Gazi Husrev-beg pana mnara wa saa, na saa yake haifuati saa za Ulaya. Inafuata jua. Magharibi inapoingia, mishale yake iko kwenye kumi na mbili, na kuna mtu kazi yake ni kuirekebisha kadiri siku zinavyorefuka na kufupika. Wazungu wenyewe wanasimama chini yake wanatazama simu zao, wanadhani imeharibika. Mimi nikaisoma kama saa ya nyumbani, maana Mswahili naye huhesabu saa zake kwa jua. Dakika hiyo hiyo mzinga unalia kutoka ngome ya Žuta tabija, kule kule juu ya mtaa wetu, ambako familia nzima nzima zimekaa na vyakula vyao zikingoja, na taa za minara zinawaka mji mzima.

Sasa, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na zinazozidi ni sadaka, tena mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Na wahenga wetu nao wana lao kuhusu mgeni na jembe, mnalijua. Siku ya tatu nikamwambia mwenzangu amfasirie nana: nyinyi mnanilisha, nami sina cha kufanya, nipeni kazi. Nilitazamia acheke akatae, kama mama zetu wangekataa. Hakukataa. Alinitazama kidogo, akasema neno moja: somun.

Somun ni mkate wa duara, bapa, na mwezi wa Ramadhani huuoka na kuunyunyizia habasoda juu. Saa moja kabla ya magharibi kila tanuri mjini lina foleni. Kazi yangu ikawa hiyo. Nilishuka kila jioni kwa njia ya Kovači, kando ya makaburi ya mashahidi, mawe meupe mengi yamesimama mlimani, nikajipanga foleni, nikarudi na mikate sita kifuani, moto. Siku mbili za mwanzo watu walinishangaa. Ya tatu wakaanza kunisalimia, merhaba, nami moyoni nasema, hii si marahaba yetu tu! Mzee mmoja alinisukuma mbele ya foleni kwa nguvu. Alipojua ni musafir hakutaka kusikia kitu.

Niliona watu wote wa nyumba ile huenda kununua mkate, isipokuwa nana. Sokoni anakwenda, msikitini anakwenda, milima ile anaipanda kunishinda. Kwa mwokaji, la. Sikuuliza. Nyumba ya watu ina mambo yake, na mgeni si mpelelezi.

Tarehe 27 Mei baba wa mwenzangu alinichukua kutembea mjini. Tulianza makumbusho ya taifa, akanieleza habari za Derviš Korkut, Mwislamu aliyekuwa mtunza maktaba wa hapo wakati wa vita vya pili vya dunia. Aliokoa kitabu kikongwe cha ibada cha Mayahudi wa Sarajevo kisiangukie mikononi mwa Wajerumani. Na mwaka 1942 alimleta nyumbani kwake msichana wa Kiyahudi, Mira Papo. Mkewe Servet akampokea, wakamvalisha nguo za kike za Kiislamu, wakasema ni mtumishi wao, akanusurika. Wangegunduliwa, wangeuawa. Mwaka 1999 binti ya Korkut alikuwa mkimbizi wa vita vya Kosovo. Waliomfungulia mlango wakati huo ni Mayahudi, kwa ajili ya wema ule wa wazazi wake.

Tukarudi kwa miguu mpaka barabara ya Ferhadija. Mahali fulani ukutani nikaona maua mengi mabichi na watu wamesimama kimya. Baba naye akasimama, akasoma Fatiha. Halafu akaniambia.

Sarajevo ilizingirwa na majeshi ya Waserbia kuanzia Aprili 1992 mpaka Februari 1996, siku 1,425. Umeme hamna, maji ya kuchota kwa madumu huku mlengaji yuko mlimani. Walipoadhimisha miaka ishirini, mwaka 2012, walipanga barabarani viti vyekundu vitupu 11,541, kila kiti mtu mmoja aliyeuawa. Tarehe 27 Mei 1992, pale tulipokuwa tumesimama, watu walikuwa kwenye foleni ya mkate. Makombora yakaangukia foleni. Walikufa zaidi ya ishirini. Nana alikuwa katika foleni ile. Jirani yake aliyesimama mbele yake hakurudi nyumbani. Tangu siku hiyo nana hajajipanga kununua mkate.

Na mwaka ule ule nyumba yao ya vyumba vinne iliingiza familia ya watu saba, Waislamu waliofukuzwa vijijini mashariki ya Bosnia. Hawakuwajua kabla. Walikaa nao mpaka vita vikaisha. Walikula wali wa msaada na jibini ambalo nana alilitengeneza kwa unga wa maziwa. Nikamuuliza baba, zile siku tatu za ugeni zilikwendaje? Akasema mama yake hakuwahi kuzitaja.

Jioni ile nilikwenda kwenye tanuri kama kawaida. Nilirudi nikaweka mikate mezani, nana akaufunika kwa leso niliyompelekea zawadi kutoka Mombasa. Wallahi, hakuivaa hata mara moja. Aliona inafaa kufunika mkate. Hatukuzungumza habari yoyote. Mzinga ukalia, tukafuturu. Kesho yake niliondoka, na mfukoni mwa koti, nilipofika Munich, nikakuta kifurushi cha habasoda.

Ndugu zangu, nimeona wakati unakwenda na Isha imekaribia. Hapa mjini kwetu, mwendo wa dakika kumi kutoka ukumbi huu, wapo wanafunzi Waislamu kutoka Wajir, Marsabit, Komoro na Kongo wanaofuturu hosteli kwa soda na mkate mkavu. Vijana wa jumuiya wameweka daftari pale mlangoni, upande wa akina mama na upande wa akina baba. Andika mtaa wako, idadi ya wageni unaoweza, na siku. Mwanafunzi ataletwa na kijana wetu mmoja, kwa hivyo hakuna atakayepotea njia. Kumi la mwisho bado lina nafasi nyingi, hasa siku za Ijumaa na Jumamosi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.