Bunduki ya Kulinda Nyumba

Wasikilizaji wa Ngara na Biharamulo, wapo wanaouliza kama bunduki fupi ya risasi za bastola, zile za milimita 9, inafaa kulinda nyumba. Ni kweli, ukiitegemeza begani ni rahisi kulenga kuliko bastola. Lakini tazameni nyumba zetu nyingi: fito, udongo, mlango wa bati. Risasi hiyo hutoboa bati kama karatasi, na ukuta wa fito si kinga. Ikimkosa mwizi itaendelea hadi chumba wanacholala watoto, au kwa jirani ng'ambo ya migomba.

Kuna hoja nzito upande wa pili. Tuko karibu na Burundi na Rwanda, nchi zilizopitia vita, na silaha za vita huvuka mipaka. Kituo cha polisi nacho huenda kiko mbali. Sidharau hofu hiyo hata kidogo. Ila jambazi ndiye anayechagua saa, nawe umelala. Bunduki iliyofungiwa sandukuni, risasi zikiwa kando, haishikiki upesi. Iliyo chini ya godoro, mtoto anaweza kuiona kwanza. Tena bunduki yenyewe ni mali inayowindwa na majambazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni, na ni haki. Kwa hiyo, kwanza wekeni mlango wa mbao nzito, komeo la chuma, mbwa. Kisha kubalianeni kitongojini nani ataitikia yowe usiku, na nani atapiga simu polisi.