Trekta ya Dizeli Wakati wa Baridi

Ndugu waendeshaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe,

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Hapa kwetu, hata kusi ivumapo mwezi wa Julai, huwaka upesi. Bali dereva apelekwaye Molo, kwenye kimo cha mita 2,400 na zaidi, ataona asubuhi chuma baridi kinakunywa joto lile, oili imekuwa nzito na betri imelegea. Azipashe kwanza plagi za moto, kama zipo, na kuipumzisha betri baada ya kila jaribio. Kuwasha kuni chini ya injini ni upumbavu mtupu. Wako waliounguza trekta hivyo.

Adui wetu wa pwani ni maji. Tangi likilala nusu, unyevu hugeuka matone ndani yake. Basi lijazwe jioni, si asubuhi.