Ushahidi Ulio Chini ya Kioo: Nyuso za Saa za Zamani na Thamani Yake



Tarehe 26 Oktoba 2017, katika mnada wa Phillips mjini New York, saa ya mkononi aina ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa dola 17,752,500. Ni saa ya chuma cha pua, haina hata kipande cha almasi. Wengi walisema kilichonunuliwa ni jina la mwigizaji, na kwa saa ile moja sina ubishi nao. Lakini zipo saa nyingine za modeli hiyohiyo, namba 6239, ambazo Newman hakuwahi kuzivaa. Zote zina kasha la aina moja na mtambo wa familia moja, wa kampuni ya Valjoux. Ila baadhi ziliwekewa uso wa kawaida na nyingine uso wenye madoido, uliotengenezwa na kampuni ya Singer ya La Chaux-de-Fonds, Uswisi. Ukiutazama uso huo kwa lenzi, tofauti ni ndogo mno: ndani ya duara tatu ndogo zilizo usoni, vistari vya vipimo vinaishia kwenye kimraba, tarakimu zina umbo la michoro ya miaka ya 1920 na 1930, na ukanda wa sekunde pembezoni umefanana rangi na duara hizo. Enzi zake uso huo ulidoda madukani. Leo unaipandisha saa bei mara kadhaa kuliko ndugu yake wa kawaida, ingawa hauisaidii kwenda sawasawa hata kwa sekunde moja. Hoja yangu ni kwamba kinacholipiwa hapo ni ushahidi kuliko urembo. Uso ndiyo sehemu ya saa iliyoandikwa mambo mengi zaidi ya zama zake, na pia ni sehemu nyepesi kubadilishwa. Ule ambao haujaguswa unafanya kazi ya hati.

Hati hiyo husomwaje? Tazameni herufi zilizo chini kabisa, penye namba 6. Saa nyingi za Uswisi kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1990 zina neno Swiss katikati ya herufi T mbili. Hiyo ni alama ya tritiamu, iliyotiwa kwenye rangi ya kung'aa gizani baada ya radiamu kuachwa. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3 hivi, ndiyo maana nukta za saa ya mwaka 1968 hazing'ai tena. Radiamu, waliyoigundua Marie na Pierre Curie mwaka 1898, huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Kwenye nyuso zake kilichochoka ni kemikali ya zinki iliyokuwa ikitoa mwanga, mionzi yenyewe ipo palepale. Basi saa inayodaiwa kuwa ya mwaka 1950, huku uso wake ukiwa na T mbili, imejikana yenyewe. Na hati hii ina kurasa zinazorukwa. Katika kiwanda cha Orange, New Jersey, wasichana waliopaka rangi ya radiamu walifundishwa kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua taya na mifupa, baadhi wakafa, na kesi ya wanawake watano ikamalizwa kwa maridhiano mwaka 1928. Mkusanyaji anayesifia weupe uliogeuka manjano na asitake kulisikia hilo amesoma nusu tu.

Pingamizi zito linahusu nyuso zinazoitwa za kitropiki: zilikuwa nyeusi, vanishi yake ikashindwa kuhimili jua, zikageuka kahawia. Kama hitilafu ya kiwandani inapandisha bei, mtu ataniambia, basi ushahidi ni kisingizio tu na huu ni mtindo wa matajiri. Mtindo upo, sikatai. Lakini ingekuwa ni kupenda kahawia tu, uso uliochomwa kwenye oveni ungependwa sawa na uliochomwa na jua, na hakuna anayelipa hivyo akijua. Novemba 2021 mjini Geneva, Omega Speedmaster ya modeli 2915-1 yenye uso wa kahawia iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 kampuni ya Omega yenyewe ikatangaza kwamba saa ile iliunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali. Ukahawia wa uso haukubadilika kati ya matukio hayo mawili. Kilichovunjika ni imani kwamba saa ile ilizeeka ikiwa nzima.

Wapo pia watakaowatetea mafundi, na wana haki. Kwa miongo mingi kupaka uso upya au kuweka mwingine ilikuwa huduma ya heshima. Mteja alitaka saa isomeke, fundi akaisafisha. Patek Philippe walilifikiria tatizo hili mapema: kwenye nyuso zao bora za zamani maandishi yalichongwa kwenye metali yakajazwa enameli, hivyo yakastahimili kusafishwa. Nyuso nyingi hazikuwa na kinga hiyo, kwani maandishi yake ni wino mwembamba juu ya vanishi. Kwa mfano, Sultan Qaboos wa Oman aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, nembo ya jambia na panga mbili ikachapwa usoni, zikatolewa zawadi. Ukiuondoa uso ule, kwa kuitazama mbele iliyobaki ni Rolex kama nyingine. Simlaumu fundi aliyefanya alichoombwa. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa desturi ya baadhi ya vituo vya huduma kubaki na uso uliotolewa. Anayetaka saa inayosomeka na awekewe uso mpya; wa zamani arudishiwe ndani ya bahasha, iandikwe tarehe na jina la aliyeufungua, na kama ni wa radiamu bahasha ifungwe barabara, kwa sababu vumbi lake halipaswi kuvutwa na mtu.