Mitambo ya Umeme kwa Mashua Ndogo: Kipi Kinunuliwe Kwanza?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, mkutano wa Garsen)

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama, na wazee wetu mliotoka Kipini na Ozi:

Tumeombwa tuseme juu ya mitambo inayotiwa siku hizi katika mashua za uvuvi. Sisi si mafundi. Sisi ni mabaharia watano wa mashua moja, na haya tunayosema tumeyajua kwa kuyalipia.

Mashua yetu ilitiwa mashine ya kuonyesha samaki. Tajiri aliinunua, akaikata bei yake katika mgao wetu msimu mzima, wala hatukuulizwa. Siku moja ya kusi injini ikazima nje ya Kipini. Simu ya nahodha ilikuwa imelowa, na zetu hazikushika mtandao. Tukachukuliwa na mkondo usiku kucha, na ile mashine ikituonyesha samaki chini yetu vizuri sana. Kulipokucha wavuvi wenzetu wakatuona, wakatufunga kamba wakatuvuta. Tangu siku ile twauliza swali moja tu: pesa zikiwa kidogo, kitu gani kitangulie?

Sisi twasema kitangulie kile cha kuitia msaada, yaani redio ya VHF. Ya mkononi huwa na wati 5, ya kufungwa chomboni wati 25. Lakini muuzaji asiwadanganye kwa wati. Redio hii huona kama jicho. Haipindi na mgongo wa bahari. Mashua mbili zenye eriali mita 2 juu ya maji zitasikizana kiasi cha kilomita 11 au 12, na ukiketi chini na redio mapajani, hupati hata hizo. Basi eriali na iwe juu ya mlingoti. Chaneli ya kuomba msaada ni ya 16, nayo isitumiwe kuulizana bei ya kamba. Redio yahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hiyo gharama hiyo nayo ihesabiwe mapema.

Wale waendao mbali katika Ghuba ya Ungwana wafikirie pia kile kifaa kidogo cha kupeleka ishara ya hatari kwa setilaiti. Kiwe cha megahezi 406. Vile vya zamani vya megahezi 121.5 peke yake, setilaiti hazivisikilizi tangu 2009. Ukiuziwa kwa bei ya kutupwa, ujue sababu. Tena lazima kiandikishwe, ili wanaopokea ishara wajue ni chombo gani na nani apigiwe simu.

Baada ya hapo ndipo tuseme GPS. Ni chombo kizuri, nasi twakipenda, lakini pale mlangoni Kipini kina hatari yake. Wazee mwajua kwamba Tana haikutokea hapo zamani. Ulichimbwa mfereji pale Belazoni katika karne ya 19, maji yakaupenda, na mto ukahamia njia ya Ozi. Mto uliohama namna hiyo hautashindwa kuhamisha fungu la mchanga. Mafuriko kama yale ya 1997 na ya 2023 hushusha matope na magogo mengi mno, na njia uliyoiandika katika GPS msimu uliopita yaweza leo kukupandisha mchangani, mawimbi yakivunjika nyuma yako. GPS hukwambia ulipo. Maji yaliyo chini yako haiyajui. Bildi na pondo visiachwe nyumbani.

Sasa ile mashine ya samaki. Hatuikatai, kwa maana hupima kina pia. Hupeleka sauti chini na kungoja mwangwi. Kwa maji yetu haya, ambayo si ya kina kikubwa, itafutwe ya kilohezi 200. Ile ya kilohezi 50 ni ya vilindi. Na jambo ambalo hatukuambiwa dukani: kile kichwa chake cha kutoa sauti hakifai kugandishwa ndani ya mashua ya mbao, kwa kuwa mbao huimeza sauti. Chetu kiligandishwa ndani mwezi mzima, nasi tukilaumu samaki. Kifungwe nje tezini, kikae majini daima, mbali na mapovu ya rafadha.

Umeme wenyewe utoke wapi? Injini nyingi ndogo za kuvuta kwa kamba hazichaji betri. Mashine inayokula nusu ampea kwa saa 10 itakunywa ampea-saa 5. Hiyo paneli ndogo ya sola yaweza kuirudisha. Redio ya kufungwa hula kidogo ikisikiliza, lakini ikisema hula ampea 5 na zaidi, basi betri isimalizwe na taa za kuvulia. Kila waya uwe na fyuzi yake, na uwe wa shaba iliyopakwa bati, ama chumvi itaugeuza kijani. Wala spika ya redio isiwekwe karibu na dira: sumaku yake huivuta sindano, na nahodha atakwenda upande akiapa amenyooka.

Tumekuja kwa lile lililotuleta, la malipo. Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Ulimwenguni, wa mwaka 2007, wasema kwamba mwenye chombo ndiye mwenye jukumu la kumpa nahodha vitu vinavyohitajika ili kuutimiza, na usalama wa mabaharia umo. Kwa hiyo redio, kifaa cha ishara na maboya ni mali ya chombo kama vile mbao na misumari yake. Visitolewe katika mgao wa baharia. Mashine ya samaki ni biashara. Tajiri akitaka tuichangie, tukubaliane kabla ya kununua, stakabadhi tuione, na sehemu ya kila mtu iandikwe daftarini, ili baharia akiondoka arudishiwe chake. Na kila mtu chomboni afundishwe kuita katika chaneli 16, hata kijana wa kuteka maji ngamani. Usiku ule nahodha wetu alikuwa mgonjwa wa homa, naye peke yake ndiye aliyejua hata kuwasha taa ya dira.

Sisi tajiri wetu amekwisha kukubali nusu ya haya. Karatasi tuliyoandikiana naye iko kwa katibu, na atakaye kuinakili kwa ajili ya mashua yake aje na kalamu.