Kamusi za Mtandaoni: Ziungane au Zishindane?

Ndugu walimu na ndugu watumishi wa umma wa Ziba,

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana liko mbali na chaki na majalada yenu. Lakini mwanafunzi wa hapa anayetafuta maana ya neno katika simu hukuta milango mingi. Mwaka 1994 Mradi wa Kamusi ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ukawakaribisha watu wa kawaida kuchangia. Baadaye ikaja Wikamusi, ndugu ya Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, nayo pia ni kazi ya watu wa kujitolea. Je, miradi ya namna hii iungane au ishindane?

Wapo wasemao kwamba ushindani huleta ubora. Kwa wenye maduka, sawa, wao hulipwa. Mchangiaji wa kamusi hutoa jioni yake baada ya kusahihisha madaftari. Akieleza neno "ikulu", ambalo Wanyamwezi walilitumia kwa makao ya mtemi kabla halijawa jina la makao ya Rais, na mwenzake akairudia kazi hiyohiyo kwingine, tumepoteza jioni moja nzima, na sisi wachangiaji ni wachache mno.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka kila kitu kiwe mikononi mwa mhariri mmoja. TUKI ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, BAKITA ikatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015, na mwalimu anayezilinganisha hufaidika zaidi kuliko mwenye moja tu.

Tena kuna suala la umiliki. Mwongozo wa wasafiri uitwao Wikitravel uliponunuliwa na kampuni ya biashara mwaka 2006, baadhi ya wachangiaji wa toleo la Kijerumani walijitenga, wakaanzisha Wikivoyage. Mwaka 2012 wengine wengi wakawafuata, na Januari 2013 ikazinduliwa rasmi chini ya Wikimedia. Waliweza kuondoka na jasho lao kwa kuwa leseni huria iliruhusu maandishi yanakiliwe, mradi waandishi watajwe.

Misafara iliyotoka Tabora kwenda pwani iliungana ili kuvuka nyika ya Ugogo kwa usalama, na bado kila mmoja ulikuwa na kiongozi wake. Ningependa kamusi zetu zifanye hivyo: orodha ya maneno iwe ya wote, wahariri wabaki mbalimbali. Basi mwalimu atakayeombwa kuchangia asome kwanza masharti ya leseni, kisha ndipo aandike neno lake.